Nimerudi kutoka kliniki ya macho ya bure Pemba, na kuna neno moja nililolitafsiri vibaya

BintiLangoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa pwani na wote mtakaopita hapa. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nimerudi Lamu majuzi kutoka Pemba, nilikokaa wiki tatu nikijitolea kwenye kliniki ya macho ya bure. Naandika kwa sababu mbili. Wengi mmeniuliza kazi yenyewe ilikuwaje. Na tena namtafuta mtu, ambaye huenda yuko kwenye pwani yetu hii. Hilo la pili nitalifikia, lakini halieleweki bila la kwanza.

Mimi si daktari wala muuguzi, ni mwalimu wa watoto wadogo hapa mjini. Madaktari walitoka India, Kiswahili hawakijui, na walitaka mkalimani mwanamke anayejua Kiingereza na aliyelelewa pwani. Mwanamke kwa sababu mabibi wengi wa kule, kama wa kwetu, hawako radhi kufunua uso chumbani mbele ya wanaume peke yao. Vibali vyote vilishughulikiwa na wenyeji wetu, na madaktari walisajiliwa kwanza na baraza la madaktari la nchi ile kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Safari: boti hadi Mokowe, basi la Witu na Garsen hadi Mombasa, Lunga Lunga, pasi ikagongwa muhuri Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, meli hadi Unguja, meli nyingine hadi Mkoani. Nilifika nimechoka mpaka mifupa. Lakini nilipotoka bandarini nikakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, harufu imejaa hewani, na bibi mmoja akaniuliza "watoka wapi mwanangu?" kwa sauti ile ile ya bibi zetu wa Mkomani. Pasi yangu yasema niko nchi ya watu, moyo wangu wasema niko nyumbani.

Sasa kazi. Watu walikuwa wakifika kabla ya jua kuchomoza, wengine wameletwa kwa baiskeli, wengine kwa dau kutoka visiwa vidogo. Twaandika jina, umri, mtaa, na nani amemleta. Hilo la mwisho nilidhani si muhimu, nikajifunza kwa uchungu kwamba ni muhimu. Siku ya pili nilimtilia mzee mmoja matone ya kupanua mboni, akakaguliwa, akaniambia nyumbani ni karibu, nikamwacha aende peke yake. Mboni ikipanuka, mwanga wote unaingia jichoni, na saa sita ya Pemba jua halina huruma. Walimkuta ameketi chini ya mwembe, hajui njia. Tangu siku hiyo asiye na mwenziwe hakutiwa dawa mpaka apatikane wa kumrudisha.

Kupima uoni ni mita 6 na chati ya E. Herufi ni moja tu, imegeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, na mgonjwa aonyesha kwa vidole vitatu miguu ya E imeelekea wapi. Chati hii iliniingia moyoni. Wazee wengi pale wasoma Kurani tangu utotoni, wengine waandika kwa herufi za Kiarabu vizuri kabisa, ila herufi za Kizungu hawakufundishwa. Ukiwawekea A, B, C utawaita vipofu na wajinga kwa pamoja. Asiyeona vizuri twamwekea kadibodi yenye tundu dogo kama la sindano, achungulie. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, tatizo ni la miwani. Asipoona nafuu yoyote, aingie kwa daktari, kuna ugonjwa ndani. Kadibodi na tundu! Sikuwahi kujua kwamba kitu rahisi namna hii kinaweza kutenganisha safu mbili za watu.

Kwa kusoma karibu tulikuwa na karatasi yenye maandishi madogo, ya Kizungu pia. Bibi mmoja akanisukumia mkono wangu taratibu, akatoa msahafu kwenye mkoba. Alitaka kupimwa kwa Juzuu Amma. Tukajaribu miwani ya nguvu +1.50, +2.00, na kwenye +2.50 akaanza kusoma kwa sauti, hakuacha mpaka sura ikaisha. Foleni yote ilinyamaza. Kuanzia hapo msahafu ulikaa mezani kwetu kila siku.

Siku ya kufungua bandeji za mtoto wa jicho sitaieleza. Mmeziona video. Ni kweli ilivyo, na nililia kama wanavyolia wote. Nitaendelea jioni na jambo lililonifanya nianzishe uzi.

KijanaWaMokowe

Mashallah dada. Ila nina swali na usilichukulie vibaya. Lamu hii hii kuna wazee hawaoni, Kiwayu, Ndau, Kiunga. Kwa nini kujitolea kwako kuvuke mpaka?

BintiLangoni

Ni swali la haki, na mamangu aliniuliza hilo hilo. Nilikwenda kwa sababu huko niliitwa na huku sikujua pa kuanzia. Sasa najua kupima uoni, najua nani wa kumpeleka mbele na nani wa kumpa miwani. Hilo sikulijua nilipokuwa nikipita kila siku mbele ya baraza za wazee wetu.

NahodhaKizingitini

Nimesoma mpaka mwisho. Dada, sisi wavuvi wa Pate wengi tuna kinyama kwenye jicho, kimetoka upande wa pua kinatambaa. Mimi changu kina miaka. Je, ndicho hicho mtoto wa jicho? Watu wanitia asali.

MuuguziMalindi

Nahodha, niruhusu nijibu mimi, nafanya kazi ya macho hapa Malindi. Si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho uko ndani, ni lenzi ya jicho iliyofanya ukungu nyuma ya mboni. Chako ni kinyama cha juu, kinaota kwenye weupe na kutambaa kuelekea kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Jua la baharini, upepo na mchanga ndivyo vinavyokilea, ndiyo maana wavuvi wanacho, na naona pia wafanyakazi wa mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, ambako mwanga unapiga kwenye chumvi na kurudi usoni. Kama hakijafika kwenye mboni, vaa miwani ya jua na kofia pana, jicho likikauka kuna matone. Kikikaribia mboni kinakatwa, na daktari mzuri hushonea hapo kipande kidogo cha ngozi laini ya jicho lako mwenyewe, kwa sababu kikikatwa tu na kuachwa wazi mara nyingi chaota tena.

Asali acha leo. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, vyote nimewahi kuviona vimetiwa jichoni, na baadhi ya waliotiwa walikuja na kidonda kwenye kioo. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu halifutiki.

NahodhaKizingitini

Shukran sana muuguzi. Nimeelewa.

BintiLangoni

Narudi kama nilivyoahidi.

Siku ya tisa alikuja mzee mmoja kutoka kisiwa kidogo, nahodha mstaafu, kanzu safi, bakora mkononi, ameongozwa na mjukuu. Jicho la kulia haoni hata mwanga. La kushoto aona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kwenye tundu la sindano hakupata nafuu. Daktari alimpima presha ya jicho, ikawa juu sana, akatazama nyuma ya jicho kwa muda mrefu, akaniambia kwa Kiingereza maneno yaliyokuwa wazi kabisa: jicho la kulia limekwisha, la kushoto tutajaribu kulilinda kwa matone maisha yake yote, lakini uoni alioupoteza haurudi, wala hakuna upasuaji wa kuurudisha.

Mzee akageuza uso kwangu. Alikuwa akitabasamu. Tangu asubuhi alikuwa amekaa benchi moja na watu wa mtoto wa jicho, akiwasikia waliofanyiwa jana wakihesabu vidole.

Nikasema: "Babu, daktari asema utapata matone, na inshallah kheri, tutaangalia."

Ndivyo nilivyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Sikusema uongo hata neno moja, na sikumwambia kitu. Nilijiambia ni huruma, ni adabu, mtoto hamwambii mzee habari kama ile hadharani. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa, nikalitumia jina la Mola kufunika hofu yangu. Yeye alisikia "inshallah kheri", na kwa mtu aliyekuja kupasuliwa, hiyo ni ndiyo.

Hakurudi kisiwani. Alilala kwa jamaa yake karibu na kliniki, na kila siku baada ya swala ya alfajiri alikuja kuketi kwenye benchi la upasuaji. Siku tatu. Mimi nilikuwa chumba cha miwani, sikumuona. Siku ya tatu muuguzi akamuomba kadi, haina alama ya upasuaji. Wakaniita. Daktari akaniuliza mbele yake, "Ulimwambia nini?"

Nikaketi chini, nikamshika mkono, nikamwambia yote. Alinyamaza. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka sasa nikilala: "Mwanangu, nimeendesha chombo tangu sina ndevu. Mtu akiniambia mwamba uko mbele, nageuza tanga. Wewe uliniambia bahari shwari."

Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Akauliza swali ambalo angeliuliza siku tatu kabla kama ningesema wazi: "Na watoto wangu, je?"

Daktari akajibu kwamba ugonjwa huu, presha ya macho, hutembea kwenye ukoo, kwamba wana na ndugu wa mgonjwa wako kwenye hatari zaidi kuliko watu wengine, na wote wapimwe upesi. Kesho yake wakaja binti yake na mwanawe mkubwa. Binti salama. Kijana presha iko juu, uoni bado mzima, hajui kwamba anaumwa, akaanzishiwa matone siku hiyo hiyo. Huyo tumemuwahi, alhamdulillahi.

Mwanawe mdogo hakuja. Alikwenda dago asubuhi ya siku ya pili ya kungoja kwa babake. Yaani siku mbili baada ya mimi kumwambia babake "tutaangalia", na siku moja kabla ya kuambiwa kweli. Na mzee akaongeza jambo lililonikata maini: "Huyo mdogo ndiye hujikwaa kwenye chombo usiku."

Mpemba_Asili

Allah awape subira. Mimi ni wa Wete. Kwa wasiojua, dago ni kwenda kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, miezi kadhaa. Kaskazi ikishika, vijana wetu wengi huvuka kwenda pwani ya Kenya. Vanga, Watamu, Malindi, Ngomeni, Kipini, mpaka kwenu Lamu. Huyo kijana yawezekana yuko huko kweli.

Na dada, usijitwike yote. Na sisi wenyeji tulikuwa na kosa. Kliniki ilitangazwa misikitini kama "upasuaji wa macho bure", basi kila asiyeona alijua anakuja kupasuliwa. Ingetangazwa "kupimwa macho" mzee wetu asingekaa benchi lile.

BintiLangoni

Ahsante ndugu yangu. Sikuwa nimelifikiri hilo la tangazo, na ni kweli tupu.

KijanaWaMokowe

Naomba kueleweshwa. Presha ya macho ndiyo presha ile ya damu? Babangu ana presha anakunywa vidonge.

MuuguziMalindi

Hapana, ni vitu viwili, na jina hili limewapotosha wengi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia ya kutokea ikibana, maji yanajaa, yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa unakufa polepole. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21, ingawa wako wanaoumia hata kikiwa ndani ya hapo, ndiyo maana daktari hatosheki na namba, hutazama mshipa wenyewe. Vidonge vya presha ya damu havimkingi mtu.

Ubaya wake ni kwamba hauumi. Unaanza kula pembeni, katikati kunabaki kuzuri. Mtu asoma gazeti vizuri huku agonga watu njiani, na familia yasema mzee amekuwa hatazami. Sisi watu weusi huupata zaidi na mapema zaidi. Mtoto wa jicho ukichelewa miaka mitano, lenzi yatolewa, ya bandia yawekwa, uoni warudi. Huu ukichelewa miaka mitano umekwisha. Na anayepewa matone aseme kama ana pumu, kuna aina ya matone inayobana kifua.

BintiLangoni, nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi na nakwambia: kumwambia mtu "uoni haurudi" ni kazi ngumu kuliko kushika kisu. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuikimbia. Sasa nasema kwanza lililo kweli, kisha nanyamaza, namwacha aulize. Si vizuri kuanza na dua ukamalizia na habari, maana mgonjwa akishasikia dua hasikii tena lililobaki.

MwanaMatondoni

Mimi nina neno na najua halitapendeza. Twasema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawa wageni wa kliniki za bure waja wiki mbili, wapiga picha, waondoka. Jirani yetu alipasuliwa jicho kwenye kambi moja, sitataja ya nani wala wapi. Siku ya nne jicho likavimba, laumwa. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Hospitali ya karibu wakamwambia arudi kwa waliompasua. Jicho lilipotea. Nani aulizwe?

MuuguziMalindi

Pole kwa jirani. Hasira yako ni halali. Usaha ndani ya jicho baada ya upasuaji hutokea mara chache, lakini ukitokea ni wa saa, si wa siku. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu, na uoni kushuka baada ya kuwa umepanda. Mtu huyo apelekwe usiku huo huo. Na hata asiyepata usaha, miezi au miaka baadaye utando nyuma ya lenzi bandia waweza kufanya ukungu, nao husafishwa kwa mwanga wa leza. Anayesema "nimepasua watu wengi" hajanijibu kitu. Mwaka 2021 mkutano mkuu wa afya wa dunia uliweka lengo la 2030 kwa mtoto wa jicho, na hesabu yake si ya upasuaji uliofanywa bali ya watu waliopasuliwa wakaona vizuri. Hiyo ndiyo hesabu ya kudai kwa kila anayekuja na hema lake.

Ila siwezi kusema kambi zisiwepo. Hospitali zinazofanya kazi hii mwaka mzima ndizo bora. Tazama Aravind kule Madurai, India, ilianza 1976 na vitanda 11, na wanaolipa huwabeba wasioweza. Kathmandu kuna Tilganga, tangu 1994, na lenzi zao wazitengeneza wenyewe ndiyo maana bei imeshuka. Hapa pwani yetu Kwale Eye Centre ipo miaka yote. Lakini bibi wa Kiunga hafiki Kwale. Nauli, mtu wa kumshika mkono, siku za kulala huko. Kambi ni daraja. Ubaya ni daraja lisilo na ng'ambo.

BintiLangoni

MwanaMatondoni, nakushukuru kwa kusema. Tulikokuwa sisi, daktari mwenyeji alikuwamo tangu siku ya kwanza, kadi zote zimebaki kwake, na wageni hawakuondoka mpaka aliyepasuliwa mwisho akaguliwe wiki ile. Hata hivyo kila niliyemtilia matone nilimuuliza, "Babu, chupa hii ikiisha utanunua wapi?" na wengi hawakuwa na jibu. Hilo halijatatuliwa.

UstadhShela

Dada, wagonjwa hawakukuuliza juu ya swala? Kwetu wazee hukataa upasuaji kwa kuogopa kukosa sijda.

BintiLangoni

Waliuliza kila siku, ustadh! Madaktari walikuwa wakiandika tu "asiiname" kwenye karatasi, hawajui kwamba kwa mzee wa Kiislamu hiyo ni habari ya mara tano kwa siku. Kuna mabibi wawili walitaka kuondoka kwenye foleni kwa ajili hiyo. Imamu wa mtaa akaja kuzungumza nao. Ingekuwa vyema ulieleze hapa, watu wasome.

UstadhShela

Kwa ufupi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Imran bin Husain, aliyekuwa mgonjwa: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Aliyekatazwa na tabibu kuinama ataashiria kwa kichwa kadiri awezavyo na swala yake ni kamili. Katika udhu asilowanishe jicho lililo na jeraha, na fiqhi yetu ina mlango wa tayamamu na kupangusa kwa mwenye kidonda. Amuulize mwanachuoni wa karibu amwelekeze. Na Ramadhani: katika madhehebu yetu ya Shafi, wanja na matone ya jicho havifunguzi, kwa kuwa jicho si njia iliyo wazi ya kwenda tumboni. Mwenye presha ya macho asiache matone mwezi mzima kwa kudhani anachunga saumu yake.

MuuguziMalindi

Ustadh, Allah akulipe. Kila Ramadhani napoteza watu kwa jambo hili. Nitakunakili na kubandika ukutani.

KijanaWaMokowe

Dada, nami nataka kujitolea. Kwanza nifanye nini? Kiingereza changu ni cha wastani, na wala sina fani ya tiba.

BintiLangoni

Huhitaji fani kwa uandikishaji, kupima uoni kwa chati, kuwashika watu mkono, kuwatayarisha kwa maneno. Wahitaji subira na sauti ya chini. Uliza mapema ni nani mwenyeji, nani atabaki na wagonjwa, na gharama ni za nani. Mimi nauli nililipa mwenyewe, malazi na chakula walitoa wao. Na kama utakuwa mkalimani, jifunze maneno ya ugonjwa kabla hujakaa kitini. Mimi siku ya kwanza sikujua hata niseme nini kwa "mshipa wa jicho".

Kama wataka kuanza leo, anza na miwani ya kusomea. Nieleze kidogo hapa maana jambo hili limo nyumbani mwangu. Mamangu ameshona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, tangu ni msichana. Miaka mitatu iliyopita aliweka sindano chini. Alisema amechoka. Sote tukakubali kwamba amechoka, hakuna aliyemuuliza amechoka nini. Nilirudi na miwani ya +2.00, nikamwekea usoni akiwa ameketi ukumbini, akaomba kofia ambayo hakuimaliza. Akatunga uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu. Hakusema kitu, akaendelea kushona mpaka magharibi. Mamangu hakuwa mgonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, kwa kila binadamu, mpaka kwenye miaka ya arubaini kuona karibu kunakuwa kugumu, na dawa yake ni vioo viwili. Miaka mitatu ya kazi ya mikono yake imepotea kwa vioo viwili!

MuuguziMalindi

Na hilo limepimwa. Assam, India, wachuma chai waliopewa miwani ya karibu walichuma zaidi kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao, matokeo yalitoka 2018. Bangladesh, utafiti uliotoka 2024: waliopewa miwani pato lao la mwezi lilitoka dola 35.30 hadi dola 47.10 katika miezi minane. Fikirieni washonaji wa kofia, wasuka mikeka, mafundi wa nakshi, wavuvi wanaotengeneza nyavu.

Sasa BintiLangoni, turudi kwa yule kijana. Ana nini mkononi?

BintiLangoni

Hana kitu. Mimi ndiye mwenye barua ya rufaa ya daktari, nimepewa niilete upande huu. Simu yake haipatikani tangu avuke. Jina lake sitaliandika hapa, ni siri ya mgonjwa, na wala sitaki kijana ajisikie anatangazwa mtandaoni kwamba atakuwa kipofu. Nahodha, wewe wawajua watu wa bahari. Naomba msaada wako.

NahodhaKizingitini

Nimekuwa nikingoja uniambie. Najua Wapemba walio Ngomeni na walio Kipini, tunakutana kwenye uvuvi. Wengine wako karibu na sisi Kizingitini. Nitawaambia wenzangu wa maboti wapitishe habari. Lakini bila jina nitamwitaje?

MuuguziMalindi

Usimwite yeye. Ita kambi nzima. Alhamisi nitakuwa na chumba na kipimo, waje wote wa dago wapimwe, wa Pemba na wa hapa. Hivyo yeye atakuja kama mmoja wao na hakuna atakayejua nani alitafutwa. Na wallahi kwenye kambi ya wanaume thelathini huenda si yeye peke yake. BintiLangoni, nitumie barua kwa faragha.

NahodhaKizingitini

Hilo lawezekana. Ijumaa baada ya swala nitawakuta wengi pamoja, tulenge Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini nipeni maneno ya kusema. Mimi nikisema kwa akili yangu nitawaambia kuna upasuaji wa bure, nitaharibu.

BintiLangoni

Nimeyaandika mara nne usiku huu, nikamsomea mamangu naye akayafupisha. Waambie hivi, neno kwa neno, usipunguze:

"Kuna ugonjwa unaoitwa presha ya macho. Si presha ya damu. Hauumi, na unaanza pembeni ya jicho, kwa hivyo mwenye nao hajijui. Uoni unaoliwa na ugonjwa huu haurudi, hakuna upasuaji wa kuurudisha. Ukijulikana mapema, matone huuzuia usiendelee. Yeyote ambaye baba, mama au ndugu yake ameacha kuona, na yeyote anayejikwaa usiku kwenye chombo, aje Malindi Alhamisi saa mbili asubuhi, hata kama anaona vizuri. Kupimwa ni bure na hakuna sindano. Usije peke yako, njoo na mwenzako wa kukurudisha, kwa sababu utatiwa dawa na hutaona vizuri mpaka jioni."